Neno Kati ya Muumba na Kiumbe

Mwaka 324, baada ya kumshinda Licinio na kubaki mtawala pekee wa Dola la Roma, Kaisari Konstantino alituma barua Aleksandria. Aliyeibeba ni Hosio, askofu wa Cordoba huko Hispania, mshauri wake katika mambo ya kanisa. Barua iliwaendea watu wawili kwa pamoja: Aleksanda, askofu wa mji, na Ario, mmoja wa mapadri wake. Kaisari hakuificha kero yake. Aliwaambia kwamba wanagombania kitu kidogo, swali ambalo askofu hakupaswa kuliuliza na padri hakupaswa kulijibu. Akawataka wawaige wanafalsafa wa mkondo mmoja, ambao hutofautiana huku na huku bila kuvunja undugu wao.

Konstantino alijua vita na alijua siasa, lakini hapa hakujua alichoshika. Swali lililokuwa likiigawa Aleksandria tangu mwaka 318 hivi lilikuwa hili: Neno wa Mungu, ambaye Wakristo walisadiki kwamba alitwaa mwili katika Yesu wa Nazareti, yuko upande wa Muumba au upande wa viumbe? Kulijibu kulichukua zaidi ya nusu karne, mitaguso mingi na maaskofu wengi waliofukuzwa makwao, na kuliilazimisha imani iliyoanzia kwa wavuvi wa Galilaya itumie zana za kufikiri zilizochongwa Athene. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo injili ilipomezwa na Plato. Nionavyo mimi ni kinyume chake: katika swali hili Wakristo walimwacha Plato pale pale alipokuwa amewafaa zaidi.

Kisa hiki hakikuzuka Aleksandria kwa bahati. Mji huo ulianzishwa na Aleksanda wa Makedonia mwaka 331 K.K., na wafalme wa ukoo wa Ptolemayo wakaujengea maktaba na nyumba ya wanazuoni iliyojulikana kote Mediteranea. Ulikuwa pia mji wa bandari. Ngano ya Misri ilipakiwa hapo kwenda kuilisha Roma. Uvumba, pilipili na pembe za ndovu vilishushwa kwenye bandari za Bahari ya Shamu, vikavuka jangwa kwa misafara, kisha vikateremka na Nile mpaka Aleksandria. Mtu mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya bahari hizo katika karne ya kwanza, aliijua hata pwani ya Afrika Mashariki. Aliiita Azania, akaitaja Rhapta kuwa soko lake la mwisho na pembe kuwa bidhaa yake kubwa. Katika mji wa namna hiyo Mmisri, Mgiriki na Myahudi hawakuwa na jinsi ya kuepukana.

Wayahudi walikuwa wengi, na vizazi vyao vilikuwa vimeanza kusahau Kiebrania. Tangu karne ya tatu K.K. Torati yao ilisomwa kwa Kigiriki, katika tafsiri ambayo hadithi ya kale inasema ilifanywa na wazee 72. Kijana wa Kiyahudi wa nyumba yenye uwezo aliweza kumsoma Musa asubuhi na Plato jioni kwa lugha ile ile. Filo, aliyezaliwa yapata mwaka 20 K.K. katika mojawapo ya familia tajiri za mji, alikuwa kijana wa namna hiyo, na maisha yake yote alijitahidi kuonyesha kwamba wawili hao hawakupingana.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika kitabu kiitwacho Timayo, Plato alisimulia jinsi fundi wa kimungu alivyoitazama mifano ya milele, akaitia sura maada iliyokuwa imevurugika bila mpango. Waliomfuata karne kadhaa baadaye walikaza zaidi juu ya umbali: Mungu wa kweli ni mmoja, habadiliki, wala hachanganyiki na chochote. Basi Mungu wa namna hiyo anaufikiaje ulimwengu huu wa udongo na maji? Filo alijibu kwa kumtaja Neno, Logos kwa Kigiriki, akimaanisha pia akili na mpango wa Mungu. Neno ni sura ya Mungu, ni mzaliwa wake wa kwanza, ni chombo ambacho kwacho ulimwengu ulifanyika. Na mahali pamoja aliandika jambo ambalo ugomvi wote wa baadaye umejificha ndani yake: kwamba Neno amesimama mpakani, si asiyeumbwa kama alivyo Mungu, wala si aliyeumbwa kama tulivyo sisi, bali yuko katikati.

Picha iliyo nyuma ya maneno hayo ni ya ngazi. Juu kabisa yuko Mmoja asiyefikika, chini kabisa iko maada, na kati yao kuna vidato, kila kimoja kikipokea mwanga kutoka juu na kuupitisha chini ukiwa umepungua kidogo. Wasomi wengi wa karne mbili za kwanza waliiamini ngazi hii kwa namna moja au nyingine. Faida yake ilikuwa kubwa: hakuna aliyelazimika kusema Mungu anaishia wapi na ulimwengu unaanzia wapi. Palipotokea swali gumu, paliongezwa kidato.

Uzee wa Filo haukuwa wa amani. Mwaka 38 Wayahudi wa Aleksandria walishambuliwa na majirani zao, na yeye, akiwa tayari mzee, aliongoza wajumbe kwenda kumlilia Kaisari Gayo Kaligula. Kaligula aliwapokea huku akizunguka kukagua majumba yake, akitoa amri kuhusu madirisha na kuwauliza katikati ya maombi yao kwa nini hawali nguruwe. Miaka 80 hivi baadaye, katika maasi ya mwaka 115 hadi 117, jumuiya hiyo ya Wayahudi iliangamizwa karibu yote. Vitabu vya Filo vikabaki bila wenyewe. Waliovitunza na kuvinakili ni Wakristo.

Wakristo walikuwa na sababu yao. Injili ya Yohane inamtaja Neno tangu mstari wake wa kwanza, ingawa inaongeza jambo ambalo Filo asingelikubali kamwe: kwamba Neno alifanyika mwili, akachoka, akalia, akauawa. Mtu wa kwanza kulifanyia kazi jambo hilo kwa mavazi rasmi ya falsafa alikuwa Yustino, mzaliwa wa Flavia Neapolis, mji unaoitwa leo Nablus. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyohangaika kutafuta mwalimu. Wa kwanza, Mstoa, hakuona haja ya kuzungumzia habari za Mungu. Wa pili, wa shule ya Aristotle, baada ya siku chache alitaka wakubaliane ada, na Yustino akaona huyo si mwanafalsafa hata kidogo. Wa tatu, mfuasi wa Pythagoras, alimwambia akajifunze kwanza muziki, elimu ya nyota na jometri. Alipata raha kwa Waplato, mpaka siku alipokutana na mzee mmoja karibu na bahari, aliyemhoji hadi akaishiwa majibu na kumwelekeza kwa manabii.

Yustino alibatizwa lakini hakulivua joho la wanafalsafa. Alifungua shule Roma akifundisha kwamba mbegu za Neno zimepandwa katika kila akili, na kwa hiyo Sokrates na Heraklito, walioishi kwa kulifuata Neno, walikuwa Wakristo kabla ya Kristo. Ni dai la ujasiri, na wengine watasema la kiburi. Yapata mwaka 165 alihukumiwa kifo pamoja na wenzake, na hakimu wake alikuwa Junius Rusticus, liwali wa mji, ambaye ndiye aliyemfundisha Kaisari Marcus Aurelius falsafa ya Wastoa. Mwanafalsafa alimuua mwanafalsafa, na sina hakika kama Rusticus alijua.

Si kila Mkristo aliyependezwa na mradi wa Yustino. Tertuliani wa Karthago, katika nchi ya Tunisia ya leo, aliuliza kwa dharau Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu, na swali lake bado linatajwa kila wanateolojia wanapokosana. Ila Tertuliani huyo huyo alifundisha kwamba roho ya mtu ni kitu chenye mwili, fundisho alilolichukua kwa Wastoa. Ndiye wa kwanza tunayemjua kumwita Mungu Utatu kwa Kilatini. Na aliandika kijitabu kizima kulitetea joho la wanafalsafa alilokuwa amelivaa. Wanaoifukuza falsafa mlangoni mara nyingi huwa imeshakaa sebuleni mwao.

Aliyeanza kuikata ngazi hakuwa yeye. Alikuwa Teofilo, askofu wa Antiokia, aliyeandika yapata mwaka 180. Yustino alikuwa ameikubali bila wasiwasi habari ya Plato kwamba Mungu aliufanya ulimwengu kutoka katika maada isiyo na umbo. Teofilo aliikataa. Kama maada haikuumbwa, alisema, basi nayo ni sawa na Mungu, na Mungu si bwana wa vyote. Tena kuna ajabu gani Mungu akitengeneza ulimwengu kwa maada aliyoikuta? Hata fundi wa kibinadamu, akipewa malighafi, hutengeneza anachotaka. Uwezo wa Mungu unaonekana katika kufanya viwepo vitu ambavyo havikuwepo kabisa. Ireneo, askofu wa Lyon, alisema vivyo hivyo miaka hiyo hiyo, akipambana na wafuasi wa Valentino, waliokuwa wameijaza mbingu nguvu 30 za kimungu zilizotoka moja katika nyingine.

Fundisho la kuumba kutoka utupu limezoeleka kiasi kwamba hatulioni tena kuwa la ajabu. Mgiriki wa kawaida aliliona kuwa upuuzi, kwa sababu kitu hakitoki pasipo kitu. Na matokeo yake yalikuwa makali. Kama kila kisicho Mungu kimetoka utupu kwa mapenzi ya Mungu, basi kuna pande mbili tu, Muumba na kiumbe, na hakuna kidato hata kimoja kati yao. Pale mpakani alipokuwa amesimama Neno wa Filo hapapo tena. Ajabu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 karibu hakuna aliyelisukuma wazo hilo hadi mwisho wake, na sababu kubwa ni akili ya mtu mmoja.

Origene alizaliwa Aleksandria yapata mwaka 185. Baba yake, Leonide, aliuawa katika madhulumu ya mwaka 202, na Eusebi wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa, anasimulia kwamba kijana alitaka kumfuata, mama yake akazificha nguo zake zote ili asiweze kutoka nyumbani. Klementi, mwandishi aliyefundisha mjini humo kwamba falsafa iliwalea Wagiriki kama Torati ilivyowalea Wayahudi, alikuwa ameondoka kuokoa maisha yake. Askofu Demetrio akamkabidhi Origene kazi ya kuwafundisha wakatekumeni akiwa na miaka 18 tu. Kijana akauza vitabu vyake vya fasihi ya kale kwa mnunuzi aliyemlipa oboli 4 kwa siku, akaishi kwa hizo. Alilala sakafuni. Baadaye tajiri mmoja, Ambrosi, aliyemvuta kutoka kwa Wavalentino, alimpa makatibu 7 na zaidi wa kuandika kwa mkato, wakipokezana kila mmoja alipochoka, pamoja na wanakili na wasichana waliofunzwa mwandiko mzuri.

Porfiri, adui mkubwa wa Wakristo, anashuhudia kwamba Origene alisoma kwa Amonio Saka, ambaye pia alikuwa mwalimu wa Plotino, mwanafalsafa mkuu wa zama hizo. Wapo wataalamu wanaoona huyo alikuwa Origene mwingine. Vyovyote iwavyo, lawama ya Porfiri ni ya kufaa kukumbukwa: kwamba Origene aliishi kama Mkristo lakini juu ya Mungu alifikiri kama Mgiriki.

Katika kitabu chake juu ya misingi ya mambo yote, Origene alijenga hoja ambayo kanisa halikuiacha tena. Mungu hakuweza kuwa wakati wowote bila Hekima yake, kama mwanga usivyoweza kuwa bila mng'ao. Kwa hiyo Mwana hakuanza kuwapo. Anazaliwa milele, na Baba hakuwa Baba siku fulani. Lakini Origene hakuishia hapo, na hapa ndipo penye utamu na hatari. Mungu ni Mwenyezi milele, alisema, na hakuna mwenyezi asiye na cha kutawala. Basi wamekuwapo daima wa kutawaliwa. Ulimwengu wa roho ukawa nao umeegemezwa kwenye umilele wa Mungu. Ngazi ikarudi kimyakimya. Baba yuko juu, Mwana chini yake kidogo, ambaye Origene, katika majibu yake kwa Selso, anamwita Mungu wa pili bila kusita.

Selso alikuwa Mplato aliyeandika dhidi ya Wakristo yapata mwaka 178, na Origene alimjibu miaka 70 baadaye kwa vitabu 8. Hoja moja ya Selso ilikuwa na uzito kweli. Mungu ni mwema, mzuri, mkamilifu. Akishuka kwa wanadamu lazima abadilike. Na aliye mkamilifu akibadilika anabadilika kuwa kitu duni. Origene alijibu kwamba Mungu hushuka kwa maongozi na huruma bila kuacha alivyo. Jibu hilo linaridhisha nusu tu. Aliyeshuka bado alikuwa Mungu wa pili, na msomaji makini alibaki akijiuliza kama Mungu wa kwanza alishuka kamwe.

Mwaka 1941, vibarua waliokuwa wakisafisha machimbo ya mawe ya kale huko Tura, karibu na Cairo, ili jeshi la Uingereza lihifadhi risasi humo, walikuta rundo la mafunjo. Miongoni mwake kulikuwa na kumbukumbu ya mjadala ambamo Origene anamhoji askofu mmoja, Heraklide, mbele ya maaskofu wenzake na waamini. Swali kwa swali anamfikisha mahali pa kukiri kwamba, kwa namna fulani, tunasema Miungu wawili. Askofu anaonekana kutopendezwa. Ni nadra sana kusikia teolojia ya karne ya tatu ikizungumzwa kwa sauti ya watu, pamoja na aibu zake.

Origene aliteswa katika gereza la Kaisari Deko mwaka 250, akafa miaka michache baadaye. Wasomi wa kizazi kilichofuata walilitupa fundisho lake la umilele wa viumbe, kwa sababu lilipingana na kuumba kutoka utupu. Hawakuona kwamba walikuwa wameuondoa mmoja wa miguu miwili iliyoshikilia umilele wa Mwana. Kama kuwa Mwenyezi hakumlazimu Mungu awe na viumbe tangu milele, kwa nini kuwa Baba kumlazimu awe na Mwana tangu milele? Swali hilo lilikuwa wazi kabisa, likimsubiri mtu wa kuliokota.

Ario aliliokota. Alikuwa na asili ya Libya, padri wa kanisa la Baukali mjini Aleksandria, mtu mzee, mwenye maisha ya kujinyima na sauti ya upole. Alijua pia namna ya kulifikisha neno mtaani: alitunga mashairi ya mafundisho yake, na inasimuliwa kwamba nyimbo zake ziliimbwa na mabaharia, wasagaji na wasafiri. Hoja yake ilikuwa safi. Mungu ni mmoja tu asiye na chanzo. Mwana amezaliwa, basi ana chanzo. Hakutoka katika dhati ya Baba, kwa maana dhati ya Mungu haikatwi vipande. Basi ametoka utupu kwa mapenzi ya Mungu, kabla ya nyakati zote, kiumbe kamili asiyefanana na viumbe wengine, na kulikuwako hali ambayo yeye hakuwako.

Ni rahisi kumfanya Ario kuwa mjinga au mwovu, na vitabu vingi vimefanya hivyo. Ukweli ni kwamba alikuwa na uthabiti kuliko wengi waliompinga mwanzoni. Alielewa kwamba ngazi imekatwa, kwamba mpakani hapasimamiki, akamweka Neno upande wa viumbe, kileleni kabisa, lakini upande huo. Alitetea upweke wa Mungu kama alivyoufahamu.

Barua ya Kaisari ilipogonga mwamba, maaskofu waliitwa Nikea, mji unaoitwa leo İznik nchini Uturuki, katika masika ya mwaka 325. Mapokeo yanawahesabu 318. Huenda walikuwa pungufu kidogo. Serikali ile ile iliyokuwa ikiwafunga wakati wa Kaisari Diokletiano sasa iliwapa usafiri wa posta ya dola. Baadhi yao, inasimuliwa, walikuwa wamebaki na jicho moja kutokana na mateso ya miaka hiyo.

Walitaka kwanza kutumia maneno ya Maandiko. Atanasi, aliyekuwapo kama shemasi wa Askofu Aleksanda, anaeleza jinsi njia hiyo ilivyoshindikana. Kila neno lililotajwa, wafuasi wa Ario walinong'onezana na kukonyezana, kwa kuwa walikuwa na namna ya kulikubali. Mwana ametoka kwa Mungu? Naam, vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Ni nguvu ya Mungu? Hata nzige wanaitwa nguvu ya Mungu katika kitabu cha Yoeli. Ndipo likachukuliwa neno ambalo halimo katika Maandiko: homoousios, wa dhati moja na Baba. Lilikuwa neno lenye doa. Wagnosi, kama wale wafuasi wa Valentino, walikuwa wamelitumia, na mtaguso wa Antiokia mwaka 268, uliomhukumu Paulo wa Samosata, ulikuwa umelikataa. Eusebi wa Kaisaria alitia sahihi kisha akaliandikia kanisa lake barua ndefu ya kujieleza, inayonuka wasiwasi hadi leo. Waliokataa mpaka mwisho ni maaskofu wawili tu, Sekundo na Teona, wote wa Libya, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Wakatoliki wanaposali Nasadiki siku ya Dominika, na Waanglikana wanaposoma imani ya Nikea, wanalipitia neno hilo katika nusu pumzi. Wakati ule lilikuwa kama kutangaza kwamba hesabu zote za Waplato zimefutwa. Neno yuko upande wa Muumba, yeye mzima, bila kupungua. Aliyezaliwa Bethlehemu hakuwa wa daraja la pili.

Nikea ilitamka, haikueleza. Kueleza kulimwangukia Atanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328 hadi kifo chake mwaka 373, na ambaye alifukuzwa mara 5 na kuishi uhamishoni jumla ya miaka 17 hivi, mara Trier, mara Roma, mara akijificha kwa watawa wa jangwani. Hakuwa mtu mpole. Wapinzani wake walilalamikia mabavu yake, na si kila lalamiko lilikuwa la uongo. Ila katika jambo moja alikuwa na jicho kali kuliko wote. Hakuanza na maana ya kuwa na chanzo au kutokuwa nacho. Alianza na mtu anayekufa. Kilichotoka utupu, alisema, huelekea kurudi utupu, na hakuna kiumbe awezaye kukizuia kiumbe mwenzake kisirudi huko. Anayeweza kumshika mwanadamu asipotee ni yule aliyemtoa utupu. Kama Neno ni kiumbe, hata akiwa bora kuliko wote, naye ameshikiliwa na mwingine, na ubatizo kwa jina lake unamuunganisha mtu na kiumbe tu.

Tazama alivyofanya. Fundisho la Teofilo, lililomfikisha Ario kwenye hitimisho lake, ndilo Atanasi alilolitumia kumpinga. Na Selso naye alipata jibu lake: Mungu hahitaji mjumbe wa kati ili agusane na ulimwengu, kwa sababu umbali kati ya Muumba na kiumbe haupimwi kwa vidato, na aliye mbali kiasi hicho kwa asili yake anaweza kuwa karibu kiasi chochote kwa upendo wake. Filo asingeyaelewa hayo.

Ugomvi ulisafiri mbali. Atanasi alikuwa amempa Frumensyo uaskofu wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, ambako Mfalme Ezana aliiondoa alama ya mwezi katika sarafu zake na kuweka msalaba. Yapata mwaka 356 Kaisari Konstansi, aliyewaunga mkono wapinzani wa Nikea, aliwaandikia Ezana na nduguye Sazana akitaka Frumensyo arudishwe Misri ili imani yake ichunguzwe na askofu aliyewekwa mahali pa Atanasi. Hakuna dalili kwamba Aksum iliitikia. Kiti chenyewe cha Aleksandria hakijasahau ukubwa wa eneo lake: mwaka 1946 patriarki wa Kigiriki wa mji huo aliwapokea rasmi Waorthodoksi wa Uganda na Kenya waliokuwa wameanza wenyewe, wakiongozwa na watu kama Reuben Spartas.

Mwaka 362 Atanasi alifanya jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko vita vyake vyote. Katika mtaguso mdogo wa Aleksandria aliwasikiliza waliosema Mungu ni hipostasi tatu na waliosema ni hipostasi moja, neno la Kigiriki ambalo wengine walilielewa kuwa nafsi na wengine kuwa dhati. Aliwauliza wa kwanza kama wanamaanisha miungu watatu, wakakana. Aliwauliza wa pili kama wanamaanisha Mwana na Roho ni majina tu ya Baba, wakakana pia. Akaona wanaamini kitu kimoja, akawaacha wote na msamiati wao.

Wakapadokia watatu, Basili, Gregori wa Nazianzo na Gregori wa Nisa, ndio waliousawazisha msamiati huo: dhati moja, hipostasi tatu, au kama tusemavyo, Nafsi tatu. Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381 ulifuata njia yao. Gregori wa Nisa alilalamika kwamba mjini humo, ukiuliza bei ya mkate au kama maji ya kuoga yako tayari, unajibiwa kwa habari za Baba na Mwana. Mpinzani wao, Eunomi, alidai kwamba jina Asiyezaliwa linaieleza dhati ya Mungu yote, kiasi kwamba tunamjua Mungu kama anavyojijua. Gregori alimjibu kwamba Mungu hana mpaka, na kisicho na mpaka hakiingii katika jina. Kwa Wagiriki wengi wa zamani, kutokuwa na mpaka kulikuwa kasoro. Kwa Gregori kukawa sifa ya kwanza ya Mungu.

Upande wa Kilatini mambo yalipitia kwa mtu wa Thagaste, katika Algeria ya leo. Mwaka 386, akiwa Milano, Agostino alisoma vitabu vya Waplato vilivyofasiriwa na Mario Viktorino, Mwafrika mwenzake. Vilimfundisha kwamba Mungu si kitu chenye mwili, na kwamba uovu si kitu bali upungufu wa wema. Deni hilo hakulikana. Lakini aliandika pia kwamba alikuta humo habari za Neno aliye kwa Mungu, na hakukuta popote kwamba Neno alifanyika mwili. Baadaye aliandika vitabu 15 juu ya Utatu. Alipokufa mjini Hippo tarehe 28 Agosti 430, mji ulikuwa umezingirwa na Wavandali, nao walikuwa Wakristo waliofundishwa kwamba Mwana ni mdogo kuliko Baba.